Kata Ilikuwa Moja

Ipo Jumamosi moja, Baraka mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha ghorofa ya pili, koti la baridi sijalivua kwa makusudi, ili kila mtu aone kwamba mimi ni mpita njia tu pale. Mbele yetu alisimama mwalimu, mama wa Kijamaika aitwaye Marcia, akauliza swali jepesi kabisa: siku ile uliyokamatwa, ulikunywa kiasi gani? Nikajibu bila kupepesa macho kwamba sikunywa kitu. Na nilikuwa naamini ninachosema, mwanangu. Hapo ndipo ujue shangazi yako alikuwa amefika wapi.

Ulinipigia simu Jumatano, sauti iko chini hadi nikadhani kuna msiba. Ukasema mahakama imekunyang'anya leseni, na huwezi kuipata tena mpaka uhudhurie darasa la watu waliokamatwa wakiendesha gari wamekunywa, nalo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ukasema Furaha amemchukua mtoto, amehamia kwa dada yake Mississauga, kwa sababu siku ile Nia alikuwa kiti cha nyuma. Ukasema anakuza mambo, kwani ulipiga moja mbili tu. Kisha ukaniuliza kama namjua mtu aliyewahi kupitia darasa hilo, mtu yeyote, hata kama ni Mkenya. Nikacheka, ukadhani nakucheka wewe. La, baba. Nilicheka kwa sababu mtu mwenyewe ndiye uliyekuwa unaongea naye.

Hukujua kwa sababu hatukukwambia. Ulikuwa bado Moshi unavaa kaptula za shule, na baba yako, kaka yangu, Mungu amrehemu, aliapa habari hiyo haitatua nyumbani. Haikutua. Leo naituma mwenyewe, kwa mkono wangu na kwa Kiswahili, ili uisome polepole. Najua siku hizi Kiswahili chako kimeanza kuchechemea. Neno likikushinda lisome kwa sauti, litakujia.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nakaa Crescent Town ghorofa ya kumi na moja, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi namwogesha huyu, mchana nampikia yule, jioni namlaza mwingine, na wote wanakaa mbali mbali kama waliopatana kunikomesha. Bila gari kazi ile haifanyiki. Mlango wa tatu kutoka kwangu alikaa Anasia, Mmachame mwenzangu na rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Binti yake alipopata kipaimara, mwezi wa Juni, Anasia akaamua kwamba hatutakunywa soda kama watu wasio na kwao. Akapika mbege.

Wewe umekulia kwenye mbege lakini hujawahi kuiona ikipikwa Toronto. Ndizi alizirundika kwenye kabati la makoti mpaka zikaiva, korido nzima ikanukia, majirani wa Kibengali wakaja kuuliza kuna nini. Ulezi aliuotesha kimea kwenye masinia chini ya kitanda. Gome la msesewe la kutia uchungu lililetwa kwenye sanduku na mama yake mzazi, Bibi Ndeshi, aliyekuja kutoka Machame kuona wajukuu. Bibi alileta na kata ya kunywea, kibuyu chenye mpini mrefu kilichokuwa cha marehemu mumewe. Kata moja, watu wazima kumi na wawili.

Sasa sikiliza jinsi nilivyokuwa nawaza, maana ndipo kosa lilipozaliwa. Kwetu bia ni pombe, gongo ni pombe, mvinyo wa Wazungu ni pombe. Mbege ni chakula. Babu yako akinywa mbege asubuhi tulisema amestaftahi. Tena kata haikataliwi ovyo. Anayekupa huonja kwanza yeye, ujue hakuna sumu, kisha hukupa kwa mikono miwili, na ukikataa umemwambia mbele za watu kwamba humwamini. Kwa hiyo ilipokuja nilikunywa. Ikazunguka, ikaja tena, nikanywa tena.

Kwenye saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu, Bibi Ndeshi akasema amechoka. Alikuwa analala kwa mwanawe wa kiume huko Weston, upande wa pili wa jiji. Anasia akanigeukia.

"Manka, msindikize mama."

Ningesemaje hapana? Mgeni haachwi aende peke yake, tena mama mzima. Walikuwepo pale vijana wawili ambao hawakuigusa kata, waliona inatia kinyaa kunywea chombo kimoja, walikuwa na soda zao na leseni zao mfukoni. Sikuwafikiria hata kidogo. Nilisimama, nikajiona niko sawa, nimechangamka tu. Neno hilo nalo nitakuja kulirudia.

Tulikuwa tumeshafika Weston, bado kona mbili. Kona ya kwanza niliikata vibaya, tairi likapanda ukingo, gari likaenda kuegemea nguzo ya taa. Halikuwa pigo kubwa. Lakini Bibi Ndeshi alijikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa wa kiganjani nikausikia ukivunjika. Hakupiga kelele. Aliita jina langu mara moja, basi.

Polisi aliyekuja alikuwa kijana mpole. Akaniuliza kama nimekunywa, nikasema hapana. Akazunguka hadi dirisha la Bibi Ndeshi akamuuliza yeye. Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji, akanitazama nimfasirie. Nikamfasiria swali. Akajibu bila wasiwasi, kama mtu anayetaja kulikokuwa na jua na kulikokuwa na mawingu:

"Mwambie tumekunywa mbege wote. Kata ilizunguka."

Nikamgeukia polisi nikamwambia kwa Kiingereza: "Anasema mkono unamuuma, na kwamba hatujanywa kitu."

Naona aibu hadi leo, Baraka. Nimeiandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha chai, ndipo nikarudi. Mama wa miaka sabini na kitu, mkono umevunjika kwa ajili yangu, amesema kweli, nami nikamtia uongo mdomoni kwa lugha asiyoijua.

Na haukunisaidia chochote. Polisi naye ana pua. Nilipuliza kile kidude, kikasema kilichosema, nikapelekwa kituoni, na mwisho wa yote nikasimama mbele ya hakimu kama ulivyosimama wewe. Leseni ikaenda. Nikaanza kuwafikia wazee wangu kwa mabasi, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, theluji ikanikuta vituoni. Wawili niliwapoteza kwa sababu nilichelewa mno. Kila aliyeniuliza nilimwambia kidude cha polisi kilikuwa kibovu. Nililisema mara nyingi hadi nikaliamini.

Bibi Ndeshi je? Anasia alipomuuliza ilikuwaje, alijibu gari liliteleza. Yaani mama yule niliyemsingizia uongo kwa Kiingereza, akaongeza mwingine kwa Kiswahili ili kunisitiri. Mkono wake ulihitaji kufungwa na kufunguliwa na kufungwa tena, watoto wake wakamwombea ruhusa ya kukaa hadi baridi iishe. Muda wote huo sikwenda kumwona. Niliacha hata ibada yetu ya Kiswahili, nikasali na Wakorea waliokuwa jirani, siwaelewi wala hawanielewi, na ndivyo nilivyotaka. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kabla kilio hakijafika mtu hupata muda mrefu wa kujificha.

Basi ukafika wakati wa darasa. Kwanza nikaitwa kwa mahojiano, na wewe umeshaitwa, unajua. Binti mmoja na karatasi yake: unakunywa mara ngapi kwa wiki, umewahi kunywa asubuhi, umewahi kusahau ulichofanya, kuna mtu amewahi kulalamika. Nikajibu hapana, hapana, hapana, kama shahidi wa kununuliwa. Wengine hupangiwa darasa la siku moja. Mimi, kwa zile hapana zangu, nikapangiwa siku mbili. Nilikasirika mno. Sasa naona yule binti alikuwa na akili.

Siku ya kwanza nilichagua kiti cha pembeni karibu na dirisha, ubavuni mwa mti mmoja wa chunguni, ili nisikae katikati ya walevi. Ndivyo nilivyowaita moyoni. Nyani haoni kundule. Kulikuwa na fundi ujenzi wa Kireno mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji. Kulikuwa na msichana wa benki, mzuri, kucha zimepakwa rangi, anatazama mlango kila baada ya dakika. Na kulikuwa na mzee wa Kigoa kutoka Mississauga, fundi saa aliyestaafu, jina lake Felix, kavaa tai kana kwamba tumealikwa arusi. Wengine nimewasahau. Nilitegemea nyuso za kutisha, mwanangu. Niliona watu wa kwenye basi.

Marcia naye hakututukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nina majibu yangu tayari, yakanidodea. Alituambia anachojua kuhusu mwili: kwamba pombe ikishaingia inatoka kwa saa zake, na kahawa, chapati, maji ya baridi usoni na dirisha wazi havifanyi kitu. Mreno akapinga, akasema kwao supu inatoa. Tukacheka, hata mimi. Ndipo akagawa karatasi zenye picha za glasi, kila mtu atie alama kwenye alivyokunywa siku yake. Yangu nikairudisha tupu.

"Hukunywa kabisa?" akauliza.

"Nilikunywa kinywaji cha kwetu," nikamwambia. "Ni uji wa ndizi."

Mzee Felix akainua kichwa. Akanitazama, miwani ikamshuka puani, akaanza kucheka mabega yakimruka. Kisha, mwanangu, akanisemesha kwa Kiswahili cha Moshi kilichonyooka kuliko changu.

"Dada yangu, mbege imekuwa uji? Mimi nimezaliwa Moshi, baba yangu alikuwa na duka pale. Huo uji wako ulikuwa unamlaza mpishi wetu mtaroni kila Jumapili."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kati ya watu wote wa jiji hili kubwa, nimewekwa chumba kimoja na Mgoa wa Moshi! Akawafasiria wenzetu, wala hakuniongezea wala kunipunguzia. Alikuwa mkalimani mwaminifu kuliko mimi.

Marcia hakucheka. Akasema sawa, ilikuwa kiasi gani? Nikasema kata moja. Na hapo sikudanganya, kata ilikuwa moja kweli, ya marehemu mume wa Bibi Ndeshi, hakukuwa na nyingine nchi nzima. Mzee Felix akanitazama kwa huruma, kicheko kimekwisha.

"Kata ni moja. Ilikuja kwako mara ngapi?"

Sikuwahi kujiuliza. Nakuapia, miezi yote ile, mahakama, wakili, mabasi, sikuwahi kujiuliza swali hilo. Marcia akaleta jagi la maji na vikombe vya karatasi, Felix akamwonyesha kwa viganja kata inachukua kiasi gani, na mimi nikaambiwa nihesabu. Nikaanza kwa dharau. Ya kwanza, Anasia alipokaribisha wageni, Marcia akamimina. Ya pili, baada ya sala. Ya tatu, baba wa ubatizo aliposhukuru, na alishukuru kirefu. Ya nne, keki ilipokatwa. Marcia akangoja na jagi lake mkononi. Ya tano, nikasema, tulipocheza. Halafu nikamkumbuka Bibi Ndeshi mwenyewe akinyanyuka na fimbo yake ameshika kata, anasema mwanangu Manka ninywee hii ya njiani. Ya sita.

Vikombe sita vya maji, vimepangwa mezani, safi kabisa. Nilivua koti.

Nilimwambia Marcia kwamba sikuwa nimelewa, nilikuwa nimechangamka, na nikajaribu kumweleza neno hilo, sikupata Kiingereza chake. Nikazunguka zunguka, Felix naye akashindwa. Mwisho Marcia akasema, kwa upole, huenda halina Kiingereza kwa sababu kazi yake ni kuficha. Kila watu wanalo lao, akasema, hata Jamaika. Mreno akatoa lake, na yule msichana wa benki, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akatoa lake, akaanza kulia. Tukaachiana hapo siku hiyo.

Siku ya pili, Jumamosi iliyofuata, niliwahi kuliko wote. Asubuhi nzima tulikuwa tunaandika mipango, kabla hujatoka nyumbani uwe umeshajua utarudije, nani ataendesha, utalala wapi. Mambo ya kawaida, lakini mtu hukuta hajawahi kuyafanya. Mchana Marcia akauliza ni nani mwingine alikuwepo siku ile, mtu aliyeumia kwa namna yoyote. Zamu ikanifikia. Nikasema yote. Mkono, polisi, nilichoambiwa niseme na nilichosema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka, na niliyatamka kwa Kiingereza mbele ya watu nisiowajua, kwa maana kwa Kiswahili nisingeweza. Nikasema kwamba yule mama anapanda ndege Jumanne, na sina uso wa kumwendea.

Nililia, mwanangu, nikageuka upande wa dirisha ili wasinione. Ndipo nikauona ule mti. Siku mbili nimekaa ubavuni mwake, majani yake yananigusa bega, nauona ni pambo la ofisi. Majani marefu ya kijani, yamechongoka ncha, yametoka kwenye shina jembamba lenye pete pete. Nikaushika. Nikamwita Mzee Felix kwa Kiswahili nikamuuliza hiki ni nini. Akainuka, akauangalia juu na chini, akarekebisha tai.

"Isale," akasema. "Mpaka wa shamba la kila Mchaga niliyemjua."

Wewe ni Mchaga, sihitaji kukufundisha, lakini umekaa huku muda mrefu, nikukumbushe. Mtu aliyekukosea akija na jani la isale mkononi huna njia, utasamehe, hata kama alikuchomea nyumba. Aliyekosa halipeleki kwa mzaha, na aliyekosewa halikatai, maana akilikataa kosa linamhamia yeye. Nikamuuliza Marcia kama naweza kukata moja. Akasema huo mti ni wa jengo, uliletwa tu kuchangamsha chumba, chukua utakalo. Mreno akatoa kisu chake mfukoni, akanikatia kitawi kizima, akakifunga kwa gazeti kisipigwe na baridi.

Jumapili nilipanda basi hadi Weston, gazeti kifuani ndani ya koti. Bibi Ndeshi alikuwa jikoni kwa mwanawe, sanduku limefunguliwa sakafuni, anakunja vitenge kwa mkono mmoja na nusu, maana ule wa kushoto haukurudi kunyooka vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikapiga magoti pale pale kwenye marumaru, nikafungua gazeti, nikachomoa jani, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Isale ikishasema, mtu hunyamaza.

Alilitazama.

"Umelitoa wapi hili?"

"Darasani, mama."

"Darasa la walevi?"

"Ndiyo, mama. Langu."

Akalipokea. Akalilaza juu ya vitenge, akavuta kiti, akakaa, akaniambia nisinyanyuke kwanza. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mkono huu sikudai, Manka. Mimi mwenyewe ndiye niliyekunywesha ile ya mwisho, na niliingia garini nikiona. Mkono tunagawana. Lakini ulichukua mdomo wangu. Nimekuwa mwongo mbele ya serikali ya watu, kisha nikawa mwongo kwa watoto wangu ili wewe usiumbuke. Nimezeeka bila kuwa mwongo, nimekuja kuwa mwongo mara mbili Kanada. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe ulivuliwa ukatimua mbio uchi, tena umenishika mkono tukimbie wote."

Nikalia. Akaniacha nilie, hakuharakisha.

"Isale nimelipokea," akasema. "Sasa nirudishie maneno yangu. Nilikwambia useme nini kwa yule polisi?"

"Ulisema niseme tumekunywa mbege wote, kata ilizunguka."

"Sema hivyo kwa Kiingereza."

Polisi hayupo, mwanangu, jikoni tuko sisi wawili na friji linanguruma. Nikasema kwa Kiingereza, nimepiga magoti: anasema tumekunywa wote, kata ilizunguka. Akanifanya nirudie, ili asikie vizuri neno lake linavyosikika kwa lugha ile. Kisha akamwita mwanawe kutoka sebuleni, akaniambia nimwambie na yeye, nikamwambia. Ndipo akaninyanyua. Tukamalizia kukunja vitenge pamoja. Kile kitawi akasema nikitie kwenye maji, isale haifi kirahisi. Jumanne akapanda ndege. Hatukuonana tena hapa duniani, na alipofariki, baba yako alinipigia kuniambia kwamba jani lile lilikutwa kwenye Biblia yake, limekauka.

Miezi sita baada ya darasa wanakuita tena kwa mazungumzo, kuona umeshikaje. Yule binti wa karatasi aliuliza maswali yale yale. Safari hii nilimjibu polepole, na palipokuwa na ndiyo nikasema ndiyo. Leseni ilirudi, na kwa muda gari langu likawa na kifaa cha kupuliza, usipopuliza safi injini haiwaki. Nilikuwa napuliza mbele ya wazee wangu, wakidhani ni teknolojia mpya ya Waafrika. Niliwaacha waamini.

Basi, Baraka, sasa nikwambie wazi, maana ujana haupendi mafumbo. Jumamosi fika mapema, ukichelewa wanakurudisha nyumbani uanze upya. Usiwe umegusa kitu tangu siku iliyotangulia. Zima simu. Usivae koti kama nilivyovaa mimi. Hakuna atakayekubandika jina usoni, na hakuna mtihani wa kufaulu au kufeli. Umeniambia utakaa kimya siku nzima, uchukue karatasi yako uondoke. Unaweza, hawatakukaba koo. Utaondoka umepoteza siku, na utabaki na uongo wako mzima mzima kama ulivyoingia nao. Watakapouliza ulikunywa kiasi gani, usiseme moja mbili. Moja mbili ni ngapi? Sisi watu wa kwetu tuna maneno mengi ya kutuhesabia vibaya: moja mbili, kidogo tu, ya njiani, nimechangamka. Ziweke mezani moja moja hadi ziishe. Hesabu ikikuonyesha kwamba chupa imekuzidi nguvu, waambie hapo hapo, wana mahali pa kukupeleka, na mimi nitakusindikiza, kwa basi.

Aibu hii haitakuua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi ilinivunja nikiwa na miaka thelathini na minne, na mpaka leo mnaniita kwenye vikao vyenu kuwapatanisha, hamjui nilijifunzia wapi. Lakini ujue pia kwamba serikali itakurudishia leseni tu. Imani aliyokuwa nayo Furaha kwako, ya kumlaza mtoto wake kiti chako cha nyuma bila wasiwasi, hiyo serikali haina.

Kile kitawi kilitoa mizizi kwenye chupa ya soda. Sasa ni mti, uko dirishani kwangu, unagusa dari, ule uliouegemezea mpira wa Nia ulipokuja Krismasi. Ndani ya bahasha hii utakuta jani moja nimelifunga kwa gazeti, nami nimelikata asubuhi hii baada ya kusali.

Mungu wa baba yako akutangulie Jumamosi, akupe ulimi usioteleza na masikio mepesi. Siku atakapokurudishia usukani akuachie na woga kidogo, ule wa kukutosha. Nyumba yako irudi kuwa na sauti ya mtoto. Uzeeke, Baraka, na uwe na lako la kuwasimulia wengine.

Ukitoka darasani usipitie kwangu. Panda treni uende Mississauga, mpe Furaha jani kwa mikono miwili, kisha umhesabie yeye kama ulivyowahesabia wao, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Mhesabie kwa Kiswahili. Anakisikia vizuri, hahitaji mkalimani.